Sangara Aliyevimba: Ni Jua au Ni Kina?

Mama yangu,

Nimepata jibu la yule sangara. Najua ungeacha kila kitu usikilize.

Unakumbuka mwaloni Mugango, pale wavuvi wanaposhusha samaki? Wewe mtu wa Butiama, uliyekulia kwenye ng'ombe, samaki uliwajulia ukubwani. Baba Mdogo alikutolea sangara mkubwa kutoka mtumbwini mwake, tumbo limevimba. Ukafunua mashavu, mekundu kama ya samaki wa leo. Ukanusa, hanuki. Bado ukamkatalia.

"Shemeji, huyu ameshinda juani. Samaki wa jana ndiye anavimbaga."

"Ametoka chini kabisa, shemeji. Wa kina kirefu wanakuwaga hivi."

Ukamwita mwongo mbele ya wachuuzi wenzako. Tangu hapo mkawa mnapitana tu, na mimi nikawa napeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Lakini njia nzima ya kurudi ulikuwa unaninong'oneza, "Mbona mashavu yalikuwa mekundu?" Ulikuwa mbishi, mama, ila swali hukuliacha. Ukaondoka duniani nalo.

Sasa nafundisha kemia Bunda, na juzi tulifika kwenye hesabu za gesi. Sangara ana mfuko wa hewa tumboni, lile bondo. Nikawauliza wanafunzi: kilichomvimbisha ni jua au ni kina? Tukakokotoa yote mawili. Joto la jua, ukishaligeuza kuwa Kelvini, linaikuza hewa kidogo mno, hata jicho halitambui. Ila ukimvuta kutoka mita thelathini, ambako maji yanaibana hewa kwelikweli, akifika mtumbwini hewa ileile inataka nafasi zaidi ya mara nne. Nilirudia kukokotoa nyumbani, chai ikapoa mezani.

Karatasi haikunitosha, nimekurithi. Jumamosi nikaenda Mugango, Baba Mdogo akanipandisha mtumbwini. Nikatikisa unga wa muhogo ndani ya chupa ukashika pande zote. Nje nikachora mstari pale ambapo, kwa hesabu yangu, maji yangefika yakiibana hewa ya ndani. Nikafunga jiwe shingoni mwa chupa, nikaishusha kwa kamba hadi mita thelathini, mdomo ukiangalia chini. Nikangoja kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Tulipoivuta, unga ulikuwa umelowa hadi karibu kabisa na mstari, na juu yake mkavu.

Baba Mdogo aliigeuzageuza ile chupa.

"Kwa hiyo shemeji angeniamini?"

Nikamjibu ndiyo. Halafu nikacheka, maana nakujua, ungesema turudie. Tukarudia. Yakawa yaleyale.

Nimekukumbuka sana siku ile, mama. Iliniuma kwamba nilikuwa na jibu na sina wa kubishana naye.

Kesho tunakuja Butiama, kaburini kwako. Nilipanga nikueleze mimi yote, hesabu na chupa. Baba Mdogo amenikatalia. Anasema nikae pembeni kidogo, anataka kuongea na shemeji yake mwenyewe.

Ni mimi mwanao, mbishi uliyemlea.