Jembe, Nyumba na Moto wa Benedikta

Alhamisi, 16 Oktoba 1975

Leo Mnazi Mmoja nimemnyamazisha mgombea ubunge mbele ya umma mzima. Mimi, Bakili fundi vibatari, darasa la tatu na nusu. Jamaa alikuwa ananguruma, nikasimama, akanyamaza kimya.

Haya, uongo. Nilikohoa. Yeye alinyamaza kwa sababu alikuwa anakunywa maji. Lakini alinitazama.

Wagombea wawili, jukwaa moja. Chama kimewaketisha bega kwa bega kama wake wenza siku ya Idi. Mmoja alama yake Jembe, mwenzake Nyumba. Majina yao sikuyashika, na nani anayeyashika? Bwana Nyumba, kiatu kinang'aa, anasema soko jipya la Kariakoo karibu litafunguliwa, kwa hiyo mitaa yote ya pembeni lazima iwe safi. Wanaochuuza vibarazani waondoke. Bwana Jembe, mwembamba, sauti kama ya beberu mwenye mafua, anasema wa vibarazani wasiguswe mpaka wapewe vizimba mle sokoni.

Nimerudi nikitembea kama kijana. Mimi nakaa kibarazani. Wenzangu wote wanakaa kibarazani. Jembe ndiye wetu. Hata mbuzi angeelewa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mbuzi angeelewa. Watu, hapana.

Nimemuuliza Hamis wa mkokoteni. Atampa Nyumba. Kisa? Eti jembe kalikimbia kwao Liwale, hawezi kulipigia kura limfuate mpaka mjini. Nikamwambia, ile ni picha tu, wamegawiwa na serikali. Akasema, "Mzee, hata jini huanza kwa picha."

Muuza karanga — Nyumba. Mshona viatu — Nyumba. Kabwela amepanga chumba kimoja maisha yake yote, mwonyeshe mchoro wa nyumba, mate yanamtoka. Mwenye mchoro amesema atamfukuza! Hilo hakulisikia. Alikuwa anatazama paa.

Na anayewatia maneno ni Gaudens, mwenye duka la vitenge tunayekaa kibarazani pake. Anapitapita akisema kwa upole, ndugu zangu, mnataka nyumba au mnataka kurudishwa shamba? Upole wa paka kwenye samaki. Huyo anachokitaka anakijua: tuondoke, mlango wake uonekane. Mtaa mzima, mtu anayejua faida yake ni huyo mmoja.

Benedikta sikumuuliza. Wa nini kumuuliza? Anakaanga samaki hapo ubavuni kwangu, na chuma changu cha kulehemu nakichoma katika moto wake toka asubuhi mpaka jioni. Sijanunua mkaa sijui tangu lini. Huyo tuko naye.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeamua. Wakishindwa kusikia kwa maneno, wataona kwa bati. Nimekata kopo la maziwa, nimetoa majembe madogo madogo, kila moja na mpini wake. Anayenunua kibatari nampa moja bure. Nampa na hotuba, hiyo pia bure.

Hamis amelifunga lake kwenye mkokoteni. Nikafurahi. Kumbe kalifunga kwa sababu linalia vizuri akishuka mteremko.

Sichoki.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana asubuhi Gaudens katoka dukani. "Shikamoo, mzee Bakili." Marahaba. Kashika jembe langu, kaligeuza huku na huku. Kazi nzuri, kasema. Je, na nyumba unaweza? Nikutengenezee ngapi, nikamwuliza. Nyingi, kasema, za kugawia wateja.

Nimekubali. Bati ni bati, na mimi ni fundi. Lakini nyumba zenyewe nimezitia kuta, nimezitia paa, nimezitia hata dirisha. Mlango sikutia. Hata mmoja!

Gaudens hakuona. Leo kazigawa zote. Kufika adhuhuri kibaraza kizima kinacheka. Mshona viatu kaja mlangoni kwa Gaudens, kanyanyua yake juu, kauliza kwa sauti: bwana mkubwa, hii tutaingilia wapi? Gaudens kaitazama, kanitazama. Mimi nilikuwa nafungua kopo.

Nikamgeukia Benedikta nipate mshangiliaji. Kachukua moja, kaitundika kwenye msumari juu ya karai lake. Kasema, "Isiyo na mlango ndiyo nzuri, babu. Mwenye nyumba atapita wapi kuja kunitoa?"

Benedikta! Jirani yangu! Chuma kimeniunguza kidole kwa hasira.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeshinda namweleza Benedikta faida yake. Nimeanza na kibaraza, nikaja kwenye vizimba, nikaja kwenye ukupe wa wenye maduka, nikarudi kwenye kibaraza. Yeye anageuza samaki.

Mwisho kasema, nani aliyekwambia faida yangu?

Nikasema naiona.

"Unaionea wapi?"

"Hapa hapa nilipokaa."

"Basi," kasema, "ndiyo hiyo uionayo hapo ulipokaa."

Mwanamke wa Ndanda huyu, masista wamemfundisha adabu lakini ulimi hawakuuweza. Nikamwambia usinitie maneno, mtu anayemchagua atakayemfukuza ni kuku aliyemkaribisha mwewe kula naye. Kacheka. Halafu kafuta mikono, kasema babu, kuna jambo nilitaka kukwambia. Nikamwambia subiri, sijamaliza habari ya vizimba. Nilipomaliza ilikuwa jioni, naye keshafunga.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mambo yanageuka. Muuza karanga — Jembe. Mshona viatu — Jembe, tangu ile nyumba isiyo na mlango. Hamis naye — Jembe! Nikadhani ni hotuba zangu. Si hotuba. Jana Gaudens alimfokea asiegeshe mkokoteni mbele ya duka. Kwa hiyo mtu nimemhubiria wiki nzima hakusikia, kafokewa mara moja kaelewa siasa yote.

Sawa tu. Kura haina kisa nyuma yake. Ikishaingia sandukuni, ya hasira na ya akili zinahesabiwa pamoja.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepiga.

Foleni ndefu, jua kali, kofia yangu mpya. Nimeingia nyuma ya pazia, karatasi mkononi, penseli imefungwa kamba tusiibe. Hawajui kuamini watu hao.

Hapa naandika kwa kuwa hapana asomaye. Ile nyumba imechorwa vizuri. Ina mlango. Mimi nimepanga tangu utawala wa Mwingereza, chumba cha uani, na kila mwenye nyumba aliyepita alinitazama kama ndoo aliyoisahau mpangaji wa zamani. Nimesimama naiangalia ile nyumba mpaka msimamizi kaniuliza kama naumwa. Mkono ulikwishaanza kwenda. Mkono huu huu uliokata majembe!

Nimeurudisha. Nimetia alama kwenye Jembe, nikakandamiza mpaka penseli ikavunjika.

Nje nikamngoja Benedikta. Katoka, uso mkavu kama sinia. Umempa nani? Kasema, "Kura ni siri, babu. Hata kwa anayejua faida yangu."

Jumatano, 29 Oktoba

Jembe kapita! Redio ya Gaudens yenyewe ndiyo iliyotutangazia. Kaipunguza sauti upesi, lakini tulikwisha sikia. Hamis kazungusha mkokoteni mtaa mzima, jembe la bati linalia. Gaudens kanisalimu shikamoo mara mbili. Kibaraza ni chetu. Benedikta katukaangia vibua bure, kila mtu na wake, na wangu mkubwa.

Nikamwambia, unaona sasa? Kasema naona, babu. Kageuza samaki. Naona.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naandika hapa hapa kibarazani, asubuhi, kazi haijaanza. Mkokoteni wa Hamis umesimama mbele yangu na si kwa ajili ya mzigo wa Gaudens. Ni karai la Benedikta, na kigoda chake, na sufuria zake.

Anahamia Feri, kule kwenye soko la samaki. Candida, wifi yake, kampatia nafasi kwenye banda: lina paa, lina mlango, na samaki atampata kabla hajachoka. Habari hiyo ilikuwapo tangu kabla ya Idi, alikuwa anangoja jibu tu. Nikamwuliza, na hukuniambia? Kasema, "Nilitaka kukwambia, babu. Ulikuwa unanieleza faida yangu."

Nikaanza hotuba, nikaisahau katikati. Mimi!

Basi faida niliyokuwa naipigania wiki mbili ilikuwa ya nani? Nyumba ya bati kaichukua, kaifunika kwenye kanga. Aliyempigia kura hajasema, na Hamis kaniashiria nisiulize tena.

Kibaraza tumekipata. Moto ndio unaondoka.

Kila kitu wamekwisha pakia, limebaki jiko. Kasema lipoe kwanza, amwage mkaa, waende. Na hapa nina kibatari cha mtu, mdomo wake haujalehemiwa, mwenyewe anakuja kukichukua sasa hivi. Nimemwambia, Benedikta, kile kikinga-upepo cha debe nilichokutengenezea masika, hukunilipa, ulisema siku moja utanifanyia hisani. Basi leo ndiyo siku yenyewe. Usiumwage moto. Kaa kidogo tu, chuma changu hakijapata joto.