Lenzi ya Kuona Mashua

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Usenge tu wazima, na nyanya yako bado ananigombeza. Unauliza kwa nini nilimrudia daktari arekebishe lenzi aliyoniwekea baada ya kunitoa mtoto wa jicho.

Ujanani wanawake waliniuliza ufuoni, "Omondi, ile mashua ni ya nani?" Nilijua kabla wengine hawajaiona. Hicho ndicho nilichotaka kirudi.

Daktari akasema, "Mzee, si unasoma Biblia vizuri?"

"Biblia naiona. Watu wa mbali ndio siwaoni."

Akacheka, akaimulika lenzi kwa mashine yake, maana ni ya aina inayobadilika kwa mwanga, ikarekebika humo humo jichoni.

Jana niliwaambia vijana, "Yule ni Ouma, na hana samaki. Mashua yake inaelea juu mno." Wakanicheka mpaka Ouma akafika mikono mitupu, akauliza nani amenipigia simu.

Babu yako,
Omondi