Cheti Ukutani, Koti Kibandani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijavunja kioo cha fremu iliyo ukutani kwangu, maana ndani yake kuna cheti cha uhudumu wa afya ya jamii, na tangu nilipokitundika sijaona faida yake zaidi ya kuziba ufa. Zamani nilikuwa nahudumia mtaa huu kwa kujitolea na watu walinisikiliza, mtoto akiharisha naitwa, mtu akiungua naitwa, basi nikachaguliwa kwenda kusoma, nikaagwa kwa vigelegele, nikafundishwa kubisha hodi, kujitambulisha, kuonyesha kadi za picha, na mwisho kumwomba mteja arudie alichoelewa, na darasani mambo yalikwenda kama maji, kwa sababu mama mjamzito aliigizwa na mwanamume mwenye ndevu ambaye alikubali kila nilichosema.

Huku nyumbani, mshauri, hakuna mwenye ndevu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye ua mmoja, nilipobisha hodi kwake na mkoba wangu nikasema, "Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa huu, naomba dakika chache," aliniuliza, "Umeanza lini kujitambulisha kwangu, na sufuria yangu iko jikoni kwako tangu juzi?" Anasema walinipeleka masomoni nirudi na dawa, nimerudi na picha, hata sindano siruhusiwi kuchoma, kazi yangu ni kutuma watu hospitali, na kutuma watu hata mtoto anaweza.

Anayemwamini ni muuza dawa wa kibandani tunayemwita Dokta Koti, ambaye hajasomea chochote ila koti lake jeupe analipiga pasi kila asubuhi, na juzi alimwona wifi yangu aliyerudi kwao kujifungua, ambaye kichwa kinamgonga, uso umevimba na macho yanaona nyotanyota, akasema ni uchovu tu, akampa vidonge vya maumivu, mama mkwe akamshukuru kama vile ameshakabidhiwa mjukuu, wakati mimi nilikuwa nimetoa kadi zangu zote na hakuna hata aliyenipongeza. Koti limekishinda cheti! Sasa nishauri, na mimi ninunue koti, au nikirudishe cheti kwa walionipa? Namba niliyoandika ni ya mama mkwe, simu yangu iko kwa fundi. Kipindi chako cha redio huwa nakisikiliza zahanati, kwenye benchi la foleni.

Ni mimi, Msomi wa Kadi.

*

Msomi wa Kadi, pole sana. Koti nunua, lakini chagua lenye mfuko mkubwa, upate pa kuiweka akili yako ukiivua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimeona fremu, nimeona ufa, nimeona na pasi ya Dokta Koti. Na hapo kati, baina ya pasi na pongezi ulizokosa, umemchomeka mjamzito mwenye kichwa kinachogonga, uso uliovimba na macho yanayoona nyotanyota. Mimi kozi yako sijaisoma, shughuli yangu ni ndoa na wakwe, lakini hapo moyo wangu ulishtuka. Wewe uliyefundishwa dalili za hatari umezipanga vizuri, moja baada ya nyingine, halafu ukaniuliza habari za nguo.

Unataka kujua faida ya mafunzo? Dokta Koti alimtazama wifi yako akaona uchovu. Mama mkwe alimtazama bintiye akaona mjukuu. Aliyeona hatari ni wewe peke yako, na hukuzaliwa unaijua, ulifundishwa. Kozi ilikupa macho. Miguu walidhani utakuja nayo kutoka nyumbani.

Na mama mkwe wako ana ulimi mkali, ila hapo kwenye kutuma watu amekupata. Kutuma, hata mtoto anaweza. Kumshika mtu mkono ukampeleka je? Huyo ni mama yako, usimfanyie igizo la darasani. Ingia, rudisha sufuria ya watu, kaa chini, umwambie, "Mama, mwanao anaweza kufa." Najua hilo halina kadi.

Kwa kuwa wewe ulikuwa na shughuli ya kuandika, mimi nimepiga ile namba kabla ya kipindi kuanza. Amepokea wifi mwenyewe, na kichwa bado kinamgonga. Nikamuuliza, "Kwani mhudumu hakukueleza?"

"Alinieleza vizuri sana," akasema. "Akanionyesha picha, akaniambia nirudie. Nikarudia zote, sikukosea hata moja. Akaniambia hongera, akafunga mkoba wake, akaenda."

Umesikia, mwalimu? Mwanafunzi wako amefaulu.

Nimewaambia waende hospitali sasa hivi, wasikusubiri. Mama mkwe ameacha kunibishia, anatafuta gari huku analia. Wifi yuko mlangoni amevaa kandambili za mumeo, maana viatu vyake havimwingii tena, na anasema anaogopa kwenda bila wewe, kwa sababu madaktari wa hospitali wakimuuliza, wewe ndiye unayejua la kuwajibu.

Inuka kwenye hilo benchi, uwawahi. Cheti kiache pale pale ukutani kizibe ufa, anayeitwa ni wewe.