Mbuzi wa Kukataa

Balambala
18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima, tena mwenye furaha ya kunichekesha peke yangu jikoni. Je, kifua kimetulia? Na baba mdogo, mguu wake unaendeleaje? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno, halafu mmoja wetu anakata, na mara nyingi ni mimi. Kondakta wa basi ameahidi kukushushia barua hii hapo Nguni.

Mama, ndoa ni tamu. Nyumba yetu ya walimu ni ya mabati na joto la hapa linaingia bila kubisha, lakini Dabasso analowesha leso na kuitundika dirishani ili nipate usingizi mchana. Ananiita mwendwa wakwa, Kikamba chetu hicho, kwa ulimi wake wa Kiborana, nami nayeyuka kama siagi, na siagi ya Balambala hakuna aliyewahi kuiona imeganda. Jioni tunakaa nje kwenye mkeka, yeye akisahihisha hisabati za Kidato cha Pili, mimi nikimtazama tu. Khadra, jirani yetu anayeuza maziwa ya ngamia, ananiuliza kama huyo bwana nilimnunua jana hata bado namkagua.

Sasa nije kwenye lililoniudhi. Nimesikia mnavyosema huko, kwamba niliuziwa mgonjwa. Mama, Dabasso aliniambia ana kifafa kabla hajaleta mbuzi hata mmoja kwako. Amekuwa nacho tangu utotoni. Vidonge vinapunguza, havimalizi. Nilijua, na nilimchagua nikijua.

Jumapili ile ya shukrani baada ya harusi, alipoanguka kanisani hapo Nguni, watu wa kanisa letu walikimbia kama wameona swila. Kwaya nzima ilijibanza ukutani. Mume wangu alilala sakafuni na suti yake ya harusi, na aliyepiga magoti kando yake ni mimi peke yangu. Watu hao hao walikuwa wametoka kuimba kuhusu upendo.

Hapa ameanguka mara moja tangu tufike, darasani. Wanafunzi wake, watoto wa Kisomali ambao hawajawahi kuingia kanisani, walimlaza kwa ubavu, wakamwekea sweta chini ya kichwa, wakangoja. Alipozinduka aliwauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" Wakamjibu wamesahau. Anasema huo ulikuwa uongo mtupu wa kukwepa hisabati.

Nakupenda, lakini nimekasirika.

Mwanao,
Kalunda


Nguni
8 Juni 2025

Kalunda mwanangu,

Bwana asifiwe. Kifua ni kile kile cha vumbi. Baba mdogo anatembea. Mvua ilituacha mapema na pojo zimekauka zikiwa na maua. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa nimekaa.

Usinifundishe upendo. Mimi ndiye niliyekuzaa na kukulea bila baba. Watu walikimbia kwa sababu waliogopa, na wanaoogopa hawana dhambi. Wanasema povu lile likikugusa linakuambukiza. Wanasema ni pepo la ukoo. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kukaa hapa nikingoja kuambiwa mkwe wangu ameangukia mtoni, au amekuangukia wewe ukiwa na mtoto mgongoni.

Mungu wetu hashindwi na kifafa. Mwezi wa Agosti tutakuwa na mkutano mkubwa hapa Nguni, na Mhubiri anayekuja amewaombea watu wakapona. Shule zikifungwa, mlete mumeo.

Na kama hamji, sikiliza. Mbuzi wa ntheo, wa kuifunga ndoa kimila, aliowaleta Dabasso bado wanakula kwangu. Wewe ni binti wa Mkamba. Unajua kwamba tukichukua mmoja wao tukamrudisha kwake, huyo ni mbuzi wa kukataa, na ndoa imekwisha bila hakimu wala padri. Baba mdogo ndiye atakayempeleka, na yuko tayari.

Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu silali.

Mama yako


Balambala
22 Juni 2025

Mama,

Salamu nyingi, na pole kwa pojo. Sisi ni wazima. Mto umeshuka na mboga zimepanda bei, lakini tunakula.

Unanitisha kwa mbuzi. Yaani mimi, niliyevaa shela mbele yako ukilia kwa furaha, nirudishwe nyumbani kwa mbuzi kama sufuria iliyotoboka?

Tena mnasema kwamba mtu akiwa na imani anapona. Basi Paulo alikuwa na nini? Si aliomba mara tatu mwiba wake utolewe na haukutolewa? Mngekuwapo, mngemwita mbele mkamwambia imani yake ni haba, mkamwekea na mkutano Agosti.

Nitakuambia jinsi Dabasso anavyoomba, kwa sababu nimelala karibu naye na ninyi hamjalala. Kila asubuhi anasema, "Bwana, niondolee." Halafu anaongeza, "Na usipoondoa, tukae wote hapa." Kisha anameza vidonge vyake kwa chai ya maziwa ya ngamia na kwenda darasani. Jumapili tunasali walimu wachache na muuguzi mmoja katika sebule ya nyumba yetu, na Dabasso ndiye anayetuongoza. Mtu huyo ndiye mnayesema ana pepo.

Khadra alimkuta ameanguka uani juzi. Alimfunika kwa shuka, akakaa chini kando yake mpaka nikarudi. Akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Bole sana, walaal, dada yangu. Hii ni ya Mungu, si ya aibu." Alipoona nalia akaongeza, "Lakini wewe una bahati. Bwana yako akianguka anaamka. Yangu akilala, haamki mbaka alasiri." Nililia na kucheka kwa pamoja.

Hata hivyo tutakuja. Mimi sikutaka, Dabasso ndiye aliyeamua. Anasema mama anayemwombea mtu si adui. Na nimemfundisha heshima yetu: mkwe hambishii mama mkwe, hamtazami usoni, hali naye meza moja. Akasema kwao Waborana ni vivyo hivyo, hata zaidi.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja tu. Wewe ukisema, yeye hawezi kukataa. Usimtake jambo ambalo angelikataa kama lingetoka kwa mtu mwingine.

Mwanao,
Kalunda


Garissa
14 Septemba 2025

Mama,

Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima. Mimi ni mzima. Dabasso si mzima.

Niko wodini Garissa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Nimengoja hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua.

Ulinituma Mwingi kununua mchele. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkutano, na mchele ulikuwapo Nguni. Niliuona njiani nikirudi, magunia yamepangwa nje ya duka. Nilipofika kwenye hema nikakuta mambo yamekwisha, nikasimuliwa tu. Mhubiri alikuwa amemwambia mume wangu akabidhi vidonge kama ushahidi wa imani. Dabasso alisita. Akageuka kukutazama wewe, na kwa heshima hakukutazama usoni, alitazama miguu yako. Nawe ukasema, "Toa, mwanangu." Akatoa. Ukavitupa chooni kwa mkono wako, watu wakipiga vigelegele.

Usiku ule nilimsihi tupite hospitali tuchukue vingine. Akasema, "Niliahidi mbele ya mama. Nikivunja ahadi wiki hii hii, atanitazama vipi?" Nilitaka kumpiga, Mama, na nilikuwa nampenda kuliko siku ya harusi. Nikaacha kumsihi. Hilo nalo linaniuma.

Tulirudi Balambala. Alikaa vizuri siku kadhaa, nami nikaanza kuamini, nikacheka, nikapika pilau. Halafu Jumapili asubuhi aliamka kabla yangu ili aniletee chai kitandani. Alianguka juu ya jiko. Maji yalikuwa yamechemka.

Mkono wa kulia umeungua kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Ndio mkono wa chaki. Daktari anasema atautumia, lakini vidole viwili vitabaki vimekunjika. Amerudi kwenye vidonge vyake. Amekataa nikuandikie kwa maneno makali. Nimemwambia yeye ni mkwe, mimi ni mtoto, kila mtu na sheria zake.

Kalunda


Nguni
28 Septemba 2025

Kalunda,

Nimepata habari. Poleni. Nimetuma maziwa ya unga na shuka mbili kwa basi.

Nilimpigia Mhubiri. Anasema uponyaji ulikuwa umefika, ila mke alitia shaka, na shaka ya mke hufungua mlango. Baba mdogo anasema mambo haya yamezidi, ukoo hauwezi kungoja mtu afe. Atampeleka mbuzi mwisho wa Oktoba. Jiandae kurudi nyumbani.

Mama yako


Balambala
12 Oktoba 2025

Mama,

Shuka zilifika na maziwa yalifika. Ahsante. Kifua chako?

Sasa nisome polepole. Mhubiri wako alivichukua vidonge, wewe ukavitupa, jiko likamwunguza, na mwenye kosa ni mimi niliyekuwa nimelala. Mtu huyo hajawahi kuuona mkono wa Dabasso. Mwambie aje. Nitamfungulia bandeji mwenyewe, aueleze mkono huo kuhusu shaka yangu.

Na baba mdogo aje na mbuzi wake. Nitampokea vizuri na kumpa chai, na mbuzi nitamfunga uani. Khadra ameahidi kunifundisha kumkamua. Kwa mila nitakuwa nimekwisha kuachika. Haya. Nitakuwa mwanamke aliyeachika anayelala na mumewe kila siku, na hakuna atakayenitoa katika nyumba hii ya mabati.

Unafikiri sina uchungu. Kule wodini nilimkasirikia Mungu, nikamwambia waziwazi: tulikuomba uondoe, hukuondoa, na sasa umeongeza. Sikusikia jibu. Kila asubuhi wauguzi walikuja kubadilisha bandeji, naye Dabasso alikuwa akilia kwa sauti, hasingizii ushujaa. Wakishamaliza, anaanza wimbo wa kanisani wa Kiborana, amepoteza tuni kabisa, mpaka mzee wa kitanda cha pili, Yarow, akamwambia, "Mwalimu, kama wimbo ni wa Mungu, mwonee Mungu huruma." Wodi nzima ikacheka. Dabasso alicheka mpaka mkono ukamuuma upya.

Nami nikasimama nikamwosha uso. Na kesho yake tena. Mama, unanijua. Mimi hulia nikikata kitunguu. Mimi ndiye niliyezimia nilipoona kuku akichinjwa. Nguvu ya kukaa pale kila asubuhi sikuja nayo kutoka Nguni. Nimepewa, kidogo kidogo, ya siku moja moja, na haijawahi kubaki ya kesho. Kifafa kipo. Vidole vimekunjika. Na sisi tupo, na Yeye yupo, hata nikiwa nimenuna.

Wiki iliyopita alirudi darasani. Anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi wa mlimani. Akiandika saba, wanafunzi wanasema ni moja. Yeye anawaambia wote sasa wana alama sawa. Jioni alirudi amechoka, akaketi kwenye mkeka, akanishika mkono kwa ule wa kushoto. Ni mwanamume mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, na nasema hivyo nikiwa nimekasirika.

Usinijibu kuhusu imani yangu tena. Kama huna jambo lingine, usinijibu.

Kalunda


Nguni
9 Novemba 2025

Kalunda mwanangu,

Nakusalimu, namsalimu na mwalimu. Kifua kimepata mvua kikatulia.

Bado nimekasirika nawe kwa ulimi wako. Ulimi huo ulikuwa wa nyanya yako, na yeye alizikwa akiwa amegombana na nusu ya kata.

Nilimwambia Mhubiri aje tupande basi wote mpaka Balambala, auone mkono. Nauli nilisema nitalipa. Akasema ana mkutano kwingine. Nikamwambia tutakwenda baada ya huo. Akasema atanipigia. Sijapigiwa. Nimeacha kungoja.

Baba mdogo alikuja asubuhi ya Ijumaa na kamba. Nilisimama mlangoni mwa zizi. Akasema, "Shemeji, toka." Nikamwambia mbuzi hawa waliletwa na mtu mzima kwa mikono miwili, na sasa mtu huyo ana mmoja na nusu kwa ajili yangu, kwa hivyo hatapelekewa mbuzi, na kamba aende nayo. Amenuna. Atakula Krismasi, atanyamaza.

Nimeomba kila siku kifafa kiondolewe. Nitaendelea, usinikataze hilo. Lakini naona imebidi nijue kuishi nacho kabla hakijaondoka, kwa sababu ninyi mnaishi nacho.

Shule zimefungwa sasa. Njooni mkae mpaka Januari. Vidonge vije vyote, na akisahau kumeza nitamkumbusha mimi.

Ila kuna jambo. Kisima kiko mbali na wewe ndiye utakayekwenda. Akianguka, nyumbani nitakuwa mimi tu. Unajua mama mkwe hamgusi mkwe wake. Sijawahi hata kumpa mkono. Nimemuuliza mke wa mchungaji, akasema hajui. Nakuuliza wewe kwa sababu unajua. Niandikie wazi, kabla hamjapanda basi: nimlaze kwa ubavu upi, na kichwa nikishike au nisikishike.

Mama yenu