Diski Uliyotutumia Haina Sauti

Nyumba ya kona, nyuma ya posta,
S.L.P. 318.
Tarehe 14 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokusumbua tangu mwaka jana umepoa. Huku tunaendelea. Mama ana mafua tu, na mdogo wangu Kifimbo ameota meno mawili ya mbele. Mimi nilimaliza mitihani, na wakati nikisubiri matokeo namsaidia Baba ofisini kwake, pale anapowapigia watu chapa barua na hati.

Diski ilifika salama, asante sana. Uliuliza kama ni kweli inaishinda ile ya zamani. Nimeona nikujibu mimi, maana Baba angekuandikia "ni nzuri" halafu basi.

Fundi wa kompyuta alinieleza hivi. Diski ya zamani, ile wanayoiita "hadi diski", ina visahani vinavyozunguka, na mkono mdogo unaosoma juu yake. Ndiyo maana inanguruma, inachelewa, na ukiiangusha ikiwa kazini inaweza kuharibika. SSD uliyotutumia haina kitu kinachozunguka. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka, sasa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Lakini kwa bei ileile, ya zamani inabeba vitu vingi zaidi, na fundi anasema mara nyingi hupiga kelele kwanza kabla ya kufa. SSD inaweza kuzima ghafla bila kuaga. Kwa hiyo zote mbili zinahitaji nakala pembeni.

Siku ya kuifunga, Baba alitega sikio kwenye boksi la kompyuta.

"Fundi, umesahau kurudisha injini?"

"Mzee, hii haina injini. Na ile yako haikuwa injini, ilikuwa kikohozi."

Tulicheka sote.

Siku ya tatu wakili mmoja alileta kurasa kumi na tisa za kesi, zimeandikwa kwa mkono, akazitaka saa tisa alasiri. Tangu nianze kazi, mimi husoma na Baba hupiga chapa. Aliniambia ni mazoezi yangu: "Soma tusikie kama shule ilikuingia." Tulimaliza saa sita mchana. Baba akabonyeza vitufe vya kusevu, akatulia, akabonyeza tena. Kisha akasema, "Haikusevu. Tuanze upya."

Nikaanza upya. Unanijua, Shangazi, mimi siulizi. Nilipofika ukurasa wa nane nilizunguka upande wake kuchukua maji, nikaona kwenye skrini faili la kwanza, kurasa zote kumi na tisa, na jina lake wazi kabisa.

"Baba, mbona zile za mwanzo zipo?"

"Zipo wapi?"

"Hapo."

Akanyoosha kidole. Kilikwenda mahali peupe, mbali na jina lenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Baba haoni skrini. Ni tangu lini, hakusema. Vidole vyake vinajua herufi zilipo, na sikio ndilo lililokuwa likimwambia kwamba kazi imeingia, kwa sababu diski ya zamani ikisevu hukwaruza kidogo, krr krr. Hii yako ilipokea kila kitu mara moja na haikutoa sauti, naye akadhani imekwama.

Wakili alipata kazi yake kwa wakati. Fundi ameirudisha diski ya zamani ikae pamoja na mpya: SSD inaendesha kompyuta, ya zamani inapokea kazi za Baba, nami kila jioni nazinakili zote kwenye flashi, maana kikohozi kile si cha kuaminika. Baba ameridhika. Mimi sijaridhika, kwa sababu tumetibu kompyuta tu. Nilimtajia hospitali ya macho mara moja, akanijibu, "Macho ni yangu, wewe angalia karatasi." Mama naye alijaribu, akaambiwa yaleyale. Ndiyo maana naomba umpigie simu wewe, dada yake mkubwa. Wewe hakubishii.

Niliandika hadi hapo jana. Baba husahihisha barua zangu zote kabla sijazifunga, na hii sikutaka kuituma kwa siri, kwa hiyo leo asubuhi nilimpa. Aliishika karibu na dirisha, akaigeuza, akanirudishia.

"Nisomee."

Nilisoma yote, na mambo ya macho pia.

"Hapo uliposema simbishii dada yangu, futa," akasema. "Nambishia sana."

Nikachukua kalamu.

"Na mwambie asihangaike kupiga simu. Alhamisi utanipeleka."

Sijafuta. Nawe tafadhali usipige kabla ya hapo, asije akaghairi kwa ubishi. Piga Ijumaa, utuulize daktari amesemaje.

Wasalimie binamu zangu wote, hasa Kipepeo, na yule bibi jirani yako anayekuletea magazeti. Mama anakusalimu, na Kifimbo angekusalimu kama angejua kusema. Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie afya na akuondolee maumivu ya mguu.

Ni mimi, binti wa mdogo wako, nikupendaye siku zote.