Perege wa Damu Moja

Iyula, Mbozi

Baba Tulinagwe,

Huku mvua inasuasua, ila kahawa haijambo. Perege wangu ndio wamekwisha. Walianza kuzaliwa na migongo iliyopinda, kisha ugonjwa ukaingia ukawafagia wote. Mtaalamu wa samaki alisema bwawa zima lilikuwa uzao wa dume moja na jike moja, ndiyo maana hakupatikana hata mmoja wa kuhimili. Ameniagiza nipandikize wapya kutoka mto Momba, wenye damu mbalimbali.

Habari nyingine ni njema. Mwanangu Shadrack amepata mchumba huko Tunduma, naye ni Tulinagwe wako. Washenga watafika kwako Jumamosi.

Najua utataka kuzuia. Zuia, basi. Lakini watakuuliza sababu, na anayewaongoza ni Mzee Yonathani, yuleyule mzee wa kanisa ambaye mbele yake ulishika Biblia ukaapa kwamba mimba ya Shadrack si yako. Mweleze yeye.

Perege hawakuwa na baba wa kuwaambia. Hawa wanaye.

Mimi kitenge changu cha harusi kiko kwa fundi.

Mama Shadrack