Kwa Nini Walikufuata Njiru

Mpendwa Baba Mwende,

Nimekaa kwenye meza yako, ile uliyonikataza nisiweke sufuria, na sufuria iko hapa hapa juu yake. Ukitaka kugomba, gomba. Nina neno la kukuambia. Jioni ile tuliporudi kutoka kwenye kura uliniuliza swali, nami nikakujibu uongo bila kujua kwamba ni uongo. Jumapili iliyopita nimepata jibu la kweli. Naliandika wazi, alisome yeyote anayetaka, maana siri tuliyoitunza mimi na wewe kumbe haikuwa siri.

Lakini lazima nianze na koti.

Unakumbuka ulivyolisalimu koti? Ulitoka karakana, vumbi la mbao nywele nzima, ukasimama mbele ya mlango wa chumbani ambapo koti lako la mvua lilikuwa limetundikwa. Ukavua kofia. Ukasema, "Karibu mgeni, mbona umesimama?" Mimi nilikuwa jikoni, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema huyu mume wangu ana vituko. Kisha nikakuona bado umesimama, kofia mkononi, unangoja koti lijibu.

Hiyo ndiyo siku niliyojua macho yako yamekwenda. Ulikuwa umenificha kwa muda gani, sijui mpaka leo. Kazi haikukutia wasiwasi. Mchongaji wa vinyago anaona kwa vidole, ulisema, na kweli twiga wako waliendelea kuwa na shingo na vifaru wako na pembe. Kilichokutia hofu ni Tingatinga. Timu ya mpira! Ulinishika mkono ukaniambia, "Mama Mwende, wakijua sioni, uenyekiti umekwisha. Mwenyekiti wa mashabiki asiyeona mpira, wapi na wapi? Watanipa kiti, wanipe soda, waniambie pole mzee. Bora nife." Basi nikaapa. Mimi mwanakwaya, ambaye sikujua hata timu moja ina watu wangapi, nikaapa nitakuwa macho yako.

Pale uwanja wetu wa Mtoni mambo yalikuwa mepesi. Kutoka nyumbani Shauri Moyo ulijua kila hatua: bomba linalovuja, moshi wa wakaanga samaki, halafu geti. Tulisimama nyuma ya goli la upande wa mto, bega kwa bega, nami nikakunong'oneza.

"Sasa?"

"Yule mrefu anakimbia."

"Wa kwetu au wa kwao?"

"Jezi imechomoka kwenye kaptura. Hana mama huyu?"

"Mama Mwende! Wa kwetu au wa kwao?"

"Wa kwetu. Ameanguka. Pole, mwanangu."

"Achana na pole, mpira uko wapi?"

"Mpira sijauona. Nilikuwa namtazama aliyeanguka."

Na kwa habari hizo hizo, Jumatatu unakaa karakana na kuwafundisha watu mpira! Nilikwambia namba tisa alipiga teke chupa ya maji, ukawaambia vijana kwamba namba tisa hana subira mbele ya goli. Nilikwambia golikipa alikuwa anaongea na mtu nje, ukasema ulinzi hauna mawasiliano. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Buda anajua boli, si mchezo." Buda ndiyo wewe, mzee wao. Mimi natoa chai, nauma mdomo nisicheke.

Halafu ikaja mvua ile ya Elnino. Mto ulipanda ukaingia uwanjani, ukaangusha ukuta, ukalala juu ya nyasi wiki nzima, na ulipoondoka uliacha matope yanayofika magotini na magoli yamelala chini. Tingatinga, timu ya ligi kuu, wachezaji wa mshahara, haina pa kuchezea. Viongozi wa klabu wakasema mashabiki wachague uwanja wa muda, kwa kuwa ndio watakaosafiri. Makosa hayo! Mtaa haukulala vizuri tena.

Wewe ulitaka Pumwani. Uliwaambia watu habari ya historia, ya wazee wetu, ya heshima ya timu. Maneno matamu. Mimi peke yangu nilijua kwamba Pumwani ungefika kwa miguu bila kushikwa mkono, kwa sababu ulipita huko kila siku kwenda kununua misasa, na mahali pengine popote ungejikwaa mbele za watu.

Bwana Saidi, rafiki yako wa kubishana, alitaka Baba Dogo. Jambo la kushangaza, maana duka lake liko Majengo, hatua chache tu kutoka huo uwanja wa Pumwani. Ulipomwuliza alisema ukweli wake bila haya. "Mpira ukichezwa Pumwani, hawa watu wote watakuja kwangu kuomba maji ya kunywa, halafu wataomba choo, halafu wataomba chai. Miye pale sina timu, nina duka. Pelekeni Baba Dogo, kuna viwanda, wakaombe huko."

Na Karani Mutua akataka Njiru. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Njiru wakati ule ilikuwa machimbo ya mawe na mbuzi. Mutua akaeleza kwa sauti ya ofisini kwamba hewa ni safi na nafasi ni kubwa. Kila mtu alijua amenunua ploti huko na anaogopa kuhamia peke yake.

Mlibishana karakana, mkabishana kwa kinyozi, mkabishana mpaka matangani kwa watu. Wewe na Bwana Saidi mlinuniana siku tatu, na siku ya nne akakuletea mahamri ili apate wa kubishana naye. Mwishowe Mutua, mtu wa taratibu, akapendekeza kura ya mlolongo kwenye ua wa ukumbi wa mtaa: kila uwanja uwe na mtu wake wa kusimama mbele, na wanaoutaka wapange foleni nyuma yake. Mwenyekiti angeanza peke yake, wengine wafuate. Na sheria yake moja, ambayo sijamsamehe: kimya kabisa mpaka kura ihesabiwe, asije mtu akashawishiwa.

Asubuhi ya kura tulikwenda mapema, ukapima ua kwa hatua zako. Njoro kinyozi, wa Pumwani, asimame ukutani. Bwana Saidi, wa Baba Dogo, bombani. Mutua, wa Njiru, karibu na mti. Ulirudia mara tatu. Ukaniambia, "Hapo nitaenda kama nimetumwa."

Kumbe wakati nimekwenda kuandaa chai na kina mama wenzangu, mfereji wa paa ulianza kuvuja pale ukutani, maji yanamdondokea Njoro kichwani. Mutua alikuwa na mwavuli. Wakabadilishana, basi, kiungwana tu. Njoro mtini, Mutua ukutani. Nilipogundua, ulikuwa umeshaanza kutembea.

Baba Mwende, nilikuwa na upawa wa chai mkononi. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikipiga kelele nimekuuza mbele ya mtaa mzima, na nikinyamaza umeiuza timu Njiru. Nikabaki mdomo wazi. Ulitembea wima kama mkuu wa wilaya, ukafika nyuma ya Mutua, ukanusa. Na Mutua, nuksi tupu, alikuwa amenyolewa kwa Njoro asubuhi ile, ananukia poda ya kinyozi mpaka masikioni! Ukatabasamu. Ukamwekea mkono begani. Mutua akageuka, akakutazama kama mtu aliyefufuliwa.

Kisha nikamwona Bwana Saidi. Alikutazama. Akamtazama Njoro kule mtini, ambaye alikuwa amekaribia kulia. Akashika kanzu yake isiguse matope, akaacha nafasi yake ya bombani, yeye mgombea mwenyewe, akavuka ua akaja kusimama nyuma yako. Watu wake wakaangaliana, wakamfuata. Kijana mmoja akavunja sheria akapayuka, "Buda amesema Njiru! Basi ni Njiru!" Wa Pumwani nao wakaja. Njoro akabaki na mti. Akautazama ule mti, naye akaja.

Mutua alipotangaza, "Njiru, kura zote," nilikuona umetulia pumzi moja. Moja tu. Kisha ukainua mkono ukasema, "Ndugu zangu, uongozi ni kuona mbali." Upawa ukaniponyoka.

Jioni ulikaa kitandani hujavua viatu. "Mama Mwende, walinicheka?"

"Hakuna aliyekucheka."

"Basi kwa nini walinifuata?"

"Kwa sababu wewe ni mwenyekiti," nikasema. "Neno lako ni neno." Nilidhani ndivyo. Ukalala unakoroma kwa raha, na mimi nikabaki na lawama, nikijua kwamba ukimya wangu ndio uliowapeleka watu wote wale machimboni.

Na Njiru tulikwenda, kwa lori la mchanga, mechi baada ya mechi. Nilikuambia ruka, ukaruka. Nilikuambia inama, ukainama. Siku ya kwanza tu nikakunong'oneza, "Mbuzi ameingia."

"Nani huyo Mbuzi? Amesajiliwa lini?"

"Mbuzi, Baba Mwende. Mnyama. Wa kijivu. Amepita beki wawili."

Jumatatu ukawaambia, "Ulinzi wetu unapitika hata na mnyama." Walicheka sana. Nilidhani wanacheka ufasaha wako.

Kisha kifua kikakubana, na kabla ukuta wa Mtoni haujajengwa ukaniacha. Sitaki kuandika habari hiyo. Nimekukasirikia, nawe unajua.

Uwanja wetu umefunguliwa Jumapili iliyopita. Sikutaka kwenda. Miguu ikanipeleka: bomba, samaki, geti. Nikasimama nyuma ya goli la upande wa mto, mahali petu, kimya. Sikuwa na wa kumwambia kitu. Bwana Saidi akaja akasimama mahali pako. Tukatazama kidogo.

"Shemeji," akasema, "ukinyamaza hivyo, mechi tutaijuaje?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Ulidhani unanong'ona? Shemeji, wewe mwanakwaya. Mnong'ono wako ulikuwa unafika kwa golikipa. Miaka yote hii tunasimama hapa nyuma yenu makusudi, tusikie. Bila wewe mpira hauna ladha."

Nikamwuliza, kwa hiyo mlijua?

"Toka siku alipoupa mkono mlingoti wa kona, akauuliza habari za nyumbani."

"Mbona hamkumwambia?"

"Tumwambie nini? Mtu anatuficha kwa bidii namna ile. Tungemharibia."

Nikauliza habari ya mlolongo. Akavua kofia yake, akaichezea vidoleni. "Nilimwona amesimama pale na Mutua, uso umetulia, kama mtu aliyefika kwake. Najua anataka Pumwani, ameniudhi nayo mwezi mzima. Nikasema, hawa watu wakianza kupanga foleni upande mwingine, atasikia yuko peke yake, atajua, na atajua kwamba tumejua. Miguu ikaenda yenyewe. Na wallahi, shemeji, Baba Dogo nilikuwa naitaka kweli kweli."

Nililia hapo hapo, mbele ya mashabiki. Akaniletea kiti na soda. Soda nikainywa. Kiti nikakikataa, kwa ajili yako.

Basi jibu lako ndilo hilo. Hawakukufuata kwa ajili ya uenyekiti. Walikupenda, Baba Mwende, wakakubali kwenda machimboni na lori la mchanga mechi baada ya mechi ili wewe usisimame peke yako. Mimi niliyedhani nakulinda dhidi ya mtaa, kumbe tulikuwa tunakulinda wote, na kila mmoja anamficha mwenzake. Nimepunguza hasira kidogo. Si zote.

Tumeshinda moja bila. Amefunga yule wa jezi kuchomoka, sasa ana mke, jezi imekaa vizuri. Bwana Saidi anasema mpira ulitoka kwenye kona, mimi nasema sikuuona mpira, nilikuwa namtazama mke wake akiruka. Mutua amejenga, na majirani amepata.

Pumzika, mume wangu. Koti lako sijalitoa mlangoni. Jumapili nilipotoka nililipita tu, lakini niliporudi nilisimama mbele yake, nikavua kitambaa cha kichwa, nikalisimulia mechi yote kwa sauti. Ukuta ni mwembamba. Jirani akagonga kuuliza nani alifunga la pili. Nikamwambia hakukuwa na la pili, asikilize vizuri.

Mkeo,
Mama Mwende